Zoezi la madaraja shuleni: ondoeni zawadi, ongezeni muda

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme machache kuhusu zoezi la kujenga madaraja ambalo shule hulifanya kwa jina la elimu ya amani, hasa inapokaribia Septemba 21, Siku ya Kimataifa ya Amani. Mtindo wake unajulikana. Wanafunzi wanagawanywa vikundi, kila kikundi kinapewa karatasi au vijiti pamoja na gundi, kila kimoja kinajenga daraja lake, na lile linalobeba mzigo mzito kuliko mengine ndilo linalopata zawadi. Mwishoni mgeni rasmi anasimama kuwahimiza vijana wajenge madaraja, wasijenge kuta. Makofi, picha, watu wanatawanyika.

Hatuna ugomvi na madaraja. Kwa somo la fizikia shindano hilo ni zuri tu. Lakini kama lengo ni kumfundisha mwanafunzi namna ya kudai, kusikiliza na kupatana bila kupigana, basi zoezi limekaa kichwa chini miguu juu. Kikundi kinachotaka zawadi kinaficha mbinu zake, kinachungulia za jirani, na kinafurahi kimoyomoyo daraja la wenzao linapoporomoka. Hapo kuna kitu kimefundishwa, ila si kile kilichoandikwa kwenye andalio la somo.

Ushahidi wa jambo hili ni wa siku nyingi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake waliwapeleka wavulana 22, wenye umri wa miaka 11 hivi, kwenye kambi katika hifadhi ya Robbers Cave, jimbo la Oklahoma, Marekani. Waliwagawa makundi mawili, kisha wakayashindanisha kwa zawadi. Haukupita muda, wavulana wale wakawa wanatukanana, wanachomeana bendera na kuvamiana vibanda. Watafiti walipojaribu kuwakutanisha kwa starehe, yaani sinema na chakula cha pamoja, chakula kikageuka silaha ya kurushiana. Kilichopunguza uhasama ni kazi ambazo hakuna kundi lililoweza kuzimaliza peke yake, kama kutafuta hitilafu ya maji yaliyokatika kambini na kuvuta kwa kamba lori lililogoma kuwaka. Mwaka huohuo mwanasaikolojia mwingine, Gordon Allport, aliandika kwamba kuwakutanisha tu watu wasioelewana hakutoshi. Panahitajika hadhi sawa ndani ya shughuli, lengo moja, kazi ya kushirikiana, na baraka za wenye mamlaka. Shindano la zawadi linakosa mawili ya katikati tangu dakika ya kwanza.

Basi tunapendekeza zoezi lipangwe hivi. Kikundi kiwe na wanafunzi tisa: wanne ukingo wa kwanza, wanne ukingo wa pili, na mmoja mwangalizi ambaye hajengi wala hasemi. Darasa la wanafunzi 45 linatoa vikundi vitano. Meza mbili za kimo kimoja ziachanishwe kwa sentimita 80. Hapo ndipo mto ulipo. Katikati ya mto litundikwe shuka ili ukingo mmoja usione kinachofanyika upande wa pili. Kila ukingo unajenga nusu yake ya daraja, na nusu hizo mbili lazima ziungane. Hakuna daraja la ukingo mmoja, na hakuna kikundi kinachopambanishwa na kingine.

Vifaa vya kikundi kimoja ni karatasi 30 za gazeti (ile kubwa iliyofunguliwa ihesabiwe moja), selotepu mita 6, uzi imara mita 4, mikasi miwili na rula mbili. Visigawanywe nusu kwa nusu. Ukingo wa kwanza upewe karatasi 26 bila selotepu hata kidogo. Wa pili upewe selotepu yote, uzi wote na karatasi nne. Mkasi na rula kila upande. Kwa mgawo huo hakuna anayeweza kuendelea bila mwenzake, na wakati huohuo hakuna anayekuja mikono mitupu. Mwalimu anayeweka vyote vya maana upande mmoja anatengeneza bwana na ombaomba. Hilo nalo linaweza kuwa somo, la dhuluma, lakini lisiwe la siku ya kwanza.

Kuna kadi mbili za siri, na hapa ndipo utamu wa zoezi ulipo. Kadi ya ukingo wa kwanza inasema: wavuvi wenu hupita chini kwa mashua zenye milingoti, kwa hiyo hakuna kinachoruhusiwa kuning'inia zaidi ya sentimita 5 chini ya usawa wa meza. Kadi ya ukingo wa pili inasema: wakulima wenu huvusha mikokoteni yenye marobota marefu, kwa hiyo hakuna kinachoruhusiwa kukatiza juu ya njia kwa kimo kisichofika sentimita 30. Masharti ya pamoja, yanayojulikana na wote, ni kwamba njia iwe na upana wa sentimita 15 na daraja libebe chupa ya maji ya lita 2 katikati kwa dakika moja.

Kila ukingo una mjumbe. Wajumbe wawili wanakutana kando, mbali na meza, kwa dakika tatu: dakika ya 10, ya 25 na ya 40. Kila mkutano uwe na mjumbe mpya, vinginevyo msemaji mmoja hodari anawafanyia wenzake kazi yote. Kanuni ya mkutano ni moja tu: usijibu hoja ya mwenzako mpaka uirudie kwa maneno yako mwenyewe na yeye akubali kwamba ndivyo alivyosema. Wanafunzi huiona kanuni hii ya kitoto, na kweli inakula dakika nzima kati ya zile tatu. Isilegezwe. Bila hiyo wajumbe wanapishana maneno, kila mmoja anarudi kwake na ujumbe ambao haukutumwa.

Mkutano wa kwanza unatabirika. Mmoja anasema fremu zote, yaani viunzi vinavyobeba daraja, ziwe juu, mwingine anasema zote ziwe chini. Wanarudi na habari kwamba wale wa ng'ambo ni wakaidi, na ukingo mzima unaamini. Kazi ya mwangalizi ni kuhesabu: swali la "kwa nini" limeulizwa mara ngapi, amri zimetolewa ngapi, nani amekatizwa akizungumza, mikono ya nani haijagusa karatasi tangu kazi ianze. Siku wajumbe watakapoulizana sababu, mashua na mikokoteni vitajitokeza, na haitachukua muda kabla mtu hajasema fremu zisimame ubavuni, kulia na kushoto, njia ipite katikati yake. Yapo madaraja mengi ya reli yaliyojengwa namna hiyo. Mashua zinapita, mikokoteni inapita. Mwalimu asiwatangulie kwenye jibu hili. Kama mkutano wa pili umekwisha na hakuna aliyeuliza, asimamishe kazi aulize swali moja kwa kila ukingo, "Kadi yenu inamlinda nani?", kisha anyamaze.

Sasa ujenzi wenyewe, maana mwalimu asiyejua karatasi inavyofanya kazi atalaumu tabia ya watoto wakati kosa ni la mrija uliolegea. Karatasi ilazwe bapa, spoku ya baiskeli au kijiti chembamba kiwekwe kwenye kona, iviringishwe kwa mshazari hadi kona ya pili, mkono ukiwa umekaza muda wote. Mrija ukitoka mnene kuliko kidole cha mwisho, ufunguliwe na kuanza upya. Ncha zote mbili ni laini, kwa hiyo zikatwe sentimita chache kabla ya kufunga selotepu. Mirija ya juu na ya chini ya fremu, ambayo ndiyo mihimili, iviringishwe kwa karatasi mbili pamoja. Ile mifupi ya kati inatosha karatasi moja.

Wanafunzi wengi wataanza na miraba. Waachwe waanze. Kisha washike mraba kwa pembe mbili na kuusukuma kwa kidole: unalala. Wakiongeza mrija mmoja wa mshazari, unakuwa pembetatu mbili na haulali tena. Fremu ya kila ubavu iwe na kimo cha sentimita 15 hivi, na pembetatu zenye kitako cha sentimita 20. Mzigo ukikaa katikati, mihimili ya juu inagandamizwa na ya chini inavutwa. Mrija unaovutwa haujali urefu wake. Unaogandamizwa unajali sana, kwa sababu mrefu mwembamba hupinda kabla karatasi yenyewe haijaumia. Ukiushika katikati ili urefu ulio huru uwe nusu, unastahimili mgandamizo mara nne zaidi bila kupinda. Ndiyo maana kila pembetatu ina thamani kuliko safu nyingine ya selotepu.

Kila nusu iwe na urefu wa sentimita 58: 10 za kukaa mezani, 40 hadi katikati ya mto, na 8 za kuvuka katikati ili zilale sambamba na 8 za wenzao. Wakati wa kujenga, vitabu viwekwe juu ya sehemu iliyo mezani, la sivyo nusu daraja inaanguka mtoni kabla ya kukutana na mwenzake. Hizo 8 za ziada ndizo zinazosahaulika. Kila ukingo unabana karatasi zake, unaishia katikati kabisa au unavuka kidogo tu, na kiungo kinabaki na sentimita mbili tatu za kushikia. Madaraja mengi yanafia hapo, kwa sababu kiungo kiko mahali ambapo mzigo wa katikati unalikunja daraja kwa nguvu kubwa kuliko popote. Mihimili ya chini inachomoka kama upanga alani. Kinga yake ni kulaza mirija sambamba kwa sentimita 16, kuzungushia uzi kwenye ncha mbili za mlalo huo na kuukaza kwa fundo, kisha kubandika vipande vya selotepu kwa urefu wa mirija. Selotepu iliyozungushwa kama pete peke yake inateleza.

Dakika ya 55 shuka linashushwa na pande mbili zinaunganisha pamoja. Tarajieni vicheko, maana mara nyingi nusu hazikutani vizuri: upande mmoja umepima upana ndani kwa ndani, mwingine nje kwa nje; mmoja umehesabu kimo kutoka mezani, mwingine kutoka kwenye mhimili. Sentimita 2 zinatosha kuharibu kila kitu. Wasikaripiwe, kwani wahandisi wenye shahada walifanya hivyohivyo. Mwaka 2003, daraja la kuunganisha Ujerumani na Uswisi lilipokuwa likijengwa Laufenburg kwenye mto Rhine, ilibainika kwamba pande mbili zimepishana kimo kwa sentimita 54. Ujerumani hupima kimo kutokana na usawa wa bahari wa Amsterdam, Uswisi kutokana na ule wa Marseille, na kati ya vipimo hivyo kuna tofauti ya sentimita 27. Tofauti ilikuwa inajulikana na iliwekwa kwenye hesabu, ila iliwekwa upande usiofaa, ikaongezeka maradufu badala ya kufutika. Mwalimu asikimbie mfano huu. Watu wale hawakuwa maadui, hawakuwa wavivu, na walikuwa wamezungumza. Walichokosa ni kuhakikisha kwa sauti kwamba sifuri ya mmoja ni ipi na ya mwenzake ni ipi. Kwenye mgogoro wa darasani mambo huwa hivyo pia: "umechelewa" ya mmoja inaanza kengele ikilia, ya mwingine inaanza mwalimu akiingia.

Mzigo usitupwe ghafla. Chupa tupu isimamishwe katikati ya njia, maji yamiminwe robo lita kwa robo lita, na baada ya kila robo wote wangoje sekunde kumi wakitazama mirija. Mwanafunzi yeyote, hata yule asiyesikika siku zote, ana haki ya kusema "Simama" akiona mrija unaanza kupinda, na anayemimina lazima asimame. Haki hiyo si pambo. Agosti 29, 1907 daraja la Quebec nchini Kanada liliporomoka likiwa bado linajengwa, likaua wafanyakazi 75. Nafasi ya katikati ilikuwa imerefushwa bila uzito wa daraja lenyewe kukokotolewa upya ipasavyo, na siku kadhaa kabla wakaguzi waliona mihimili ya chini ikipinda. Yakazuka mabishano kama imepindia pale au ililetwa ikiwa imepinda. Uamuzi kwamba pasiongezwe mzigo ulifikiwa mbali na eneo la kazi, wala haukufika kwa wakati. Wanafunzi waulizwe: katika shule yetu, aliyeona dalili anamwambia nani, na huyo aliyeambiwa ana uwezo wa kusimamisha kitu?

Daraja likivunjika, na livunjike. Lisipovunjika, vilevile sawa. Hakuna alama inayotolewa kwa uzito.

Kinachofuata ndicho kinachokatwa na shule nyingi kwa kisingizio cha ratiba: kipindi kizima cha mazungumzo, dakika 40, wote wamekaa duara. Ujenzi unachukua vipindi viwili, mazungumzo kipindi cha tatu, ikiwezekana siku hiyohiyo. Mwangalizi asome hesabu zake kwanza, namba tupu, bila majina na bila maoni. Kisha kila ukingo useme ulikuwa unafikiri nini kuhusu wa ng'ambo shuka likiwa bado linaning'inia. Baadaye ndipo liulizwe swali la tatu: ni wapi hapa shuleni tunaishi na shuka la namna hii? Kosa kubwa la mwalimu katika kipindi hiki ni kuhubiri mapema. Akisema dakika ya pili kwamba "mnaona, umoja ni nguvu," mlango umefungwa. Kilichobaki ni wanafunzi kumrudishia maneno yake. Baada ya kuuliza ahesabu moyoni mpaka kumi. Kimya hicho kinachosha, lakini mara nyingi mwanafunzi wa kwanza kusema kitu cha kweli husema baada ya saba au nane.

Hesabu za mwangalizi zinaweza kuonyesha mambo ambayo hakuna aliyekusudia. Huenda wasichana waliviringisha mirija yote na wavulana wakaamua yote, au kinyume chake. Huenda mwanafunzi mgeni hakupewa hata mkasi. Hilo lizungumzwe kama lilivyo.

Kuna jambo moja ambalo mwalimu anapaswa kulisema mwenyewe kama halikujitokeza. Maji lita 2 hayakuwa mepesi kwa kuwa watu wamepatana. Mihimili ya juu iliendelea kugandamizwa na ya chini kuvutwa mpaka chupa ilipoondolewa. Kilichobadilika ni kwamba nguvu zile zilipewa njia ya kupita hadi mezani. Tunalisema hili kwa sababu elimu ya amani shuleni ina ugonjwa wa kudhani kwamba mwanafunzi wa amani ni yule aliyenyamaza. Tukifundisha hivyo, mwanafunzi anayeona dhuluma atabaki na njia mbili, kuvumilia au kuvunja vioo, na akichoka na ya kwanza ataikimbilia ya pili.

Zoezi kwa hiyo lisiishie kwenye karatasi. Wiki inayofuata darasa lichague tatizo moja la kweli, dogo, lililo ndani ya uwezo wa shule: uwanja unaotumiwa na madarasa ya juu peke yao, foleni ya maji, saa za maktaba. Martin Luther King, mtetezi wa haki za watu weusi Marekani, akiwa jela mjini Birmingham mwaka 1963, alitaja hatua nne za harakati isiyo na vurugu: kukusanya ukweli kujua kama dhuluma ipo, kujadiliana, kujitakasa nafsi, kisha kuchukua hatua ya moja kwa moja. Aliandika pia kwamba haogopi mvutano, na kwamba hatua ya amani hujenga mvutano unaowalazimu waliokataa kuzungumza waje mezani. Mpangilio huo unafaa darasani bila marekebisho makubwa.

Kukusanya ukweli maana yake ni daftari: kwa siku tano mfululizo, nani ametumia uwanja, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Malalamiko ya aina ya "wao kila siku" hufa hapa, na wakati mwingine hubainika kwamba tatizo ni la siku mbili tu. Barua kwa mwalimu mkuu isizidi ukurasa mmoja na iwe na mambo matatu: kinachotokea, tunachoomba, na lini tunaomba jibu. "Tunadai haki zetu" si ombi, kwa kuwa hakuna anayejua akitaka kukubali akubali nini. "Madarasa ya chini yapewe uwanja Jumanne na Alhamisi kuanzia saa 10 hadi saa 11 jioni" ni ombi, linaweza kujibiwa ndiyo, hapana, au nusu yake. Wajumbe wawe watatu, mmoja wao akiandika kila kinachosemwa. Jibu lisipokuja, ziko ngazi nyingine kabla ya kugoma: barua ya pili, saini za darasa zima, bodi au kamati ya wazazi, kusimama kimya kwa dakika kumi wakati wa mapumziko. Uongozi wa shule uelezwe mapema kwamba ngazi hizi zitafundishwa; baraka za wenye mamlaka alizozitaja Allport ndizo hizo. Wakuu wa shule wanaosema kwamba mnawafundisha watoto kugoma wajibiwe kwa heshima: watoto kugoma wanajua tayari. Wasichojua ni ngazi za katikati.

Hatua ya tatu, ile ya kujitakasa nafsi, yaani kujiandaa, ndiyo inayorukwa zaidi. Watu hudhani kutokujibu kipigo ni moyo mwema tu, kumbe ni mazoezi. Huko Nashville, Tennessee, nchini Marekani, mwanaharakati James Lawson aliwafunza wanafunzi mwaka 1959, kabla hawajakalia kiti chochote cha mgahawa wa dukani uliowabagua watu weusi. Waliigiza kutukanwa na kusukumwa, wakajifunza kutorudisha. Walianza kuingia madukani Februari 13, 1960, na wakawa na kanuni zilizoandikwa: usirudishe kipigo wala tusi, kaa wima, tazama mbele. Mei 10 mwaka huo baadhi ya maduka ya mji yalianza kuwahudumia.

Darasani igizo dhima la namna hiyo lichukue dakika tatu, si zaidi. Wachokozi watumie maneno yaliyoandikwa na mwalimu tu, kama vile "Nani kawatuma?" au "Hamna kazi ya kufanya." Kugusana marufuku. Kabila, dini, maumbile, ulemavu na familia ya mtu visiguswe hata kwa utani, maana igizo linakwisha na neno linabaki. Pawepo neno la kusimamisha, na likisemwa na yeyote kila kitu kisimame. Anayechokozwa akanyage chini kwa nyayo zote mbili, mikono ionekane, sauti ishuke kila mwenzake anapopandisha, na arudie ombi lilelile kwa maneno yaleyale. Kisha wabadilishane nafasi. Mwisho kila mmoja ataje jina lake halisi na aseme amevua nafasi aliyoigiza. Ukiliacha hilo, uchokozi wa kuigiza unahamia kwenye korido.

Muda nao usidharauliwe. Daraja la kale la Mostar, huko Bosnia na Herzegovina, lilibomolewa kwa mizinga Novemba 9, 1993 na likafunguliwa upya mwaka 2004 baada ya kujengwa tena. Hata hivyo nchi hiyohiyo iliendelea kuwa na shule ambazo watoto wa jamii mbili husoma chini ya paa moja kwa mitaala miwili, kila jamii kivyake. Shule inayotaka matokeo kutokana na zoezi la siku moja na picha ya mgeni rasmi inajidanganya. Vipindi vitatu vya kuanzia, wiki moja ya daftari, kipindi kimoja cha barua na kimoja cha igizo ndicho kiwango cha chini kabisa tunachoweza kukitetea.

Mwisho, mpaka wa zoezi hili uwekwe wazi. Daraja la kingo mbili linafaa pale ambapo pande zote zina kitu cha kutoa na zinaweza kukataa. Mwanafunzi anayepigwa na wakubwa, anayenyang'anywa chakula, anayeguswa asivyotaka, hayuko kwenye mgogoro wa pande mbili, na kumkalisha meza moja na anayemuumiza ili "wapatane" ni kumuumiza mara ya pili mbele ya mashahidi. Mambo hayo yaende siku hiyohiyo kwa mwalimu mlezi au mkuu wa shule na kwa mzazi, na inapobidi ustawi wa jamii au polisi. Wanafunzi waelezwe hivyo, pamoja na jina la mwalimu wa kumwendea, kabla karatasi hazijagawiwa.

Ni sisi,
Walimu wa fizikia na uraia